Daftari la Picha Zilizorudiwa: Tuviandae Vituo Vyetu kwa Ithibati ya Picha za Uchunguzi

Hotuba hii niliitoa mbele ya wamiliki na waganga wafawidhi wa vituo binafsi vya afya vyenye huduma za eksirei, altrasaundi na siti skani. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu, wakaniomba niiweke yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Waganga wafawidhi, wamiliki wa vituo, wataalamu wenzangu wa mionzi, mafundi wetu wa vifaa tiba, habari za asubuhi.

Naomba nianze na swali. Mkaguzi akisimama mlangoni kwako kesho saa mbili asubuhi, utamwonyesha nini? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe moyoni. Utamwonyesha nini?

Nadhani wengi wetu tutamwonyesha mashine. Tutamwonyesha unene wa ukuta, mlango wenye bati la madini ya risasi linalozuia mionzi, taa nyekundu iliyo juu ya mlango, na cheti kilichotundikwa mapokezi. Tutamwonyesha aproni za kukinga mionzi. Kwa miaka mingi hayo yalitosha, na wala si madogo, maana ukuta mwembamba unamuumiza jirani aliyekaa upande wa pili bila hata kujua. Lakini leo nimekuja na jambo moja, na nitalirudia mpaka mlichoke: ukaguzi unahama. Unatoka kwenye mashine, unaingia kwenye kazi. Hawataishia kuuliza una nini. Watauliza jana ulifanya nini nacho.

Tusichanganye leseni na ithibati. Leseni tunaijua. Hapa Tanzania tumekuwa na Sheria ya Kinga ya Mionzi tangu mwaka 1983, kisha ikaja Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya mwaka 2003, ndiyo iliyotuletea Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC tunayoandikiana nayo barua kila mwaka. Leseni ni ruhusa. Bila leseni hupigi picha hata moja, na hilo halina mjadala. Ithibati ni kitu kingine, ni uthibitisho kwamba kazi yako imekaguliwa na inafikia viwango. Leseni ya udereva inasema unaruhusiwa kushika usukani, haisemi jana uliendeshaje kule mlimani. Ithibati ndiyo inayotazama ulivyoendesha.

Upepo huu unavuma kutoka wapi? Mwaka 2010 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilitoa mwongozo wa kukagua ubora wa idara za radiolojia, unaoitwa QUAADRIL kwa kifupi. Mwongozo ule haukomei kwenye mashine. Unamfuata mgonjwa tangu fomu yake inapoandikwa mpaka majibu yanapomfikia daktari. Desemba 2012 wataalamu walikutana Bonn, Ujerumani, wakatoa wito kuhusu kinga ya mionzi katika tiba, na jambo la kwanza kabisa kwenye wito huo lilikuwa kuhakikisha kila picha ina sababu ya kupigwa. Mwaka 2014 viwango vya kimataifa vya usalama wa mionzi vikatolewa upya. Majirani zetu Kenya nao walibadilisha sheria yao mwaka 2019 na kuunda mamlaka mpya ya kusimamia nyuklia na mionzi. Haya mambo hayako mbali nasi, wenzangu.

Upepo mwingine unatoka upande wa malipo, na huu ndio unaosukuma kwa nguvu. Mwaka 2008 Wamarekani walipitisha sheria kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2012, kituo kilicho nje ya hospitali kinachopiga siti skani, MRI (picha za kutumia sumaku) au picha za nyuklia, kama hakina ithibati, bima ya serikali ya wazee, Medicare, haikilipi gharama za upigaji wa picha hizo. Haikufungwa milango ya mtu. Hakunyang'anywa mtu mashine. Fedha tu ndizo zilizosimama. Walipewa miaka mitatu na nusu ya kujiandaa. Sisi hapa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wagonjwa wengi zaidi watakuja na kadi mkononi, na anayelipa kwa niaba ya wengi huuliza maswali ambayo mgonjwa mmoja mwenye noti zake hakuwahi kuyauliza. Picha hii ilikuwa ya nini? Nani aliiagiza? Nani aliisoma? Kwa nini huyu mtu amepigwa picha ile ile mara tatu kwa mwezi mmoja?

Basi nataka tuzungumzie picha iliyorudiwa. Ningeweza kuanza na mafaili, na watu wengi huanza na mafaili, lakini miaka niliyokaa kwenye kazi hii imenifundisha kwamba ukitaka kujua kituo kinafanyaje kazi, usiombe kuona picha zake nzuri. Omba zile zilizorudiwa.

Nitawasimulia jambo langu mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye kituo kimoja cha binafsi. Ijumaa jioni aliletwa binti wa miaka kama 16 na mama yake. Amekohoa, wiki ya tatu hiyo. Fomu imeandikwa neno moja tu: KIFUA. Foleni ndefu, umeme umekatika mara mbili mchana, mimi nataka kumaliza. Yule binti alikuwa amesuka misuko minene mirefu, ameifunga nyuma kwa kitambaa, na ncha zake zimeshuka mpaka begani. Nikamsimamisha, nikamwambia avute pumzi aishike, nikapiga. Nywele sikuziinua.

Picha ilipotoka, upande wa juu wa pafu la kulia, chini kidogo ya mtulinga, kulikuwa na kivuli. Mnajua nchi yetu inavyohangaika na kifua kikuu. Daktari aliyekuwepo akaona binti anakohoa, akaona kivuli, akaanza kuzungumza na mama. Namkumbuka yule mama. Alikaa kwenye benchi la mbao pale kwenye korido, akaanza kuhesabu kwa vidole watoto wanaolala chumba kimoja na yule binti. Walikuwa wanne.

Jumatatu mkubwa wangu wa kazi akaiweka ile picha kwenye taa. Hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaipitisha juu ya kile kivuli taratibu, akaniuliza, “Kinaishia wapi?” Nikatazama. Hakikuishia kwenye pafu. Kilipanda juu ya mtulinga, kikatoka nje ya mbavu, kikaenda mpaka shingoni, na ukikodoa macho unaona mistari imepindana kama kamba. Ulikuwa msuko. Tukamwita binti, akabana nywele juu ya kichwa, tukapiga tena. Pafu safi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoinua nywele. Kosa kubwa lilikuja baadaye: ile picha ya pili haikuandikwa popote. Mama aliombwa radhi, binti akapewa dawa ya kikohozi, na sisi tukaendelea na foleni. Haukupita muda, mwenzangu wa zamu nyingine akapiga kifua cha mtoto mwenye shanga kwenye nywele, naye akairudia. Hakujua yaliyonikuta. Angejuaje? Palikuwa hapana daftari.

Naomba mnyooshe mikono. Nani hapa ana daftari la picha zilizorudiwa? Daftari la wagonjwa mnalo wote, sisemi hilo. Nasema la picha zilizorudiwa.

Naona mikono mitatu. Ahsanteni kwa ukweli wenu, na hao watatu nitawaomba wawasaidie wenzao baada ya chai.

Daftari lenyewe halina ugumu. Tarehe, sehemu ya mwili, nani amepiga, na sababu ya kurudia. Sababu ziwe chache na zenye majina yanayoeleweka na kila mtu: mgonjwa alitikisika, hakushika pumzi, kitu kilichovaliwa, mkao mbaya, sehemu imekatwa, mionzi michache au mingi, mashine, mgonjwa asiye yeye. Mwisho wa mwezi unahesabu. Ukipiga picha 800 na ukarudia 120, umerudia asilimia 15. Je, hiyo ni nyingi? Ni nyingi. Mwaka 2015 wataalamu wa fizikia ya tiba wa Marekani walipendekeza kwa mashine za kidijiti tulenge asilimia 8, na ikifika 10 tukae chini tutafute sababu. Na ukikuta kituo kinasema kinarudia sifuri, huo si ubora. Hapo hakuna anayeandika, au kuna picha mbovu zinapelekwa kwa madaktari vivyo hivyo.

Kuna mganga mfawidhi mmoja alinipigia simu miezi michache baada ya kuanzisha daftari. Akaniambia, “Kaka, karibu nusu ya picha tunazorudia ni za watoto, na karibu zote ni za zamu ya usiku.” Nikamuuliza usiku anabaki nani. Mmoja peke yake. Nani anamshika mtoto? Akanyamaza. Yule mpiga picha alikuwa anamsimamisha mtoto, anakimbia nyuma ya kioo, mtoto anageuka kumtafuta mama yake aliyeachwa nje ya mlango, na kitufe kinabonyezwa. Hawakununua mashine mpya. Walimruhusu mama aingie, wakamvalisha aproni baada ya kumuuliza kwa sauti ya chini kama ana ujauzito, wakamwonyesha jinsi ya kumshika mtoto mikono juu ya kichwa. Ukitoa aproni, gharama yake ni sifuri.

Nisisitize hapo. Anayemshika mtoto asiwe mfanyakazi yule yule kila siku. Mama au baba atashika mara moja maishani. Mfanyakazi akishika kila siku, anajilimbikizia.

Lakini picha hairudiwi chumbani tu. Kuna kurudia kwingine hatukuhesabu kabisa. Mzee anaumwa mgongo. Anapigwa picha kwako. Anahamishiwa kituo kingine bila picha, ana karatasi ya majibu ya mistari miwili. Kule wanampiga upya. Anakwenda kwa bingwa, naye anaitazama ile ya pili, haioni vizuri, haiamini, anaagiza ya tatu. Mgongo mmoja, wiki moja, mara tatu, na picha ya mgongo ina mionzi mingi kuliko ya kifua. Wa kulaumiwa ni nani? Kila mmoja atasema alifanya kazi yake. Kwangu mimi maana kubwa ya ithibati iko hapa: kwamba picha iliyopigwa kituoni kwa dada yangu pale mbele, mimi niipokee, niiweke kwenye skrini, niiamini. Mgonjwa apewe picha yake. Apewe kwenye sidii, apewe kwenye filamu, vyovyote, ila apewe.

Na hapa niwaonye kuhusu simu. Najua wengi tunatuma picha kwa WhatsApp kwa bingwa aliye mjini atusomee, na nimeona watu wamesaidika. Lakini jina la mgonjwa liko pale kwenye kona, umri uko pale, na kundi lina watu 80. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mbavu za mtu ni taarifa yake binafsi. Tafuteni njia rasmi ya kutuma, na mgonjwa ajue.

Nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, kiwango cha mionzi.

Wenye umri wangu mnakumbuka chumba cha giza. Mnakumbuka harufu ya ile dawa ya kuoshea filamu, na vidole vilivyobadilika rangi. Mionzi ikizidi, filamu ilitoka nyeusi tii. Ikipungua, ilitoka nyeupe. Filamu ilikuwa inatusema, na inatusema mbele ya mkubwa wa kazi. Leo tuna mashine za kidijiti. Ukizidisha mionzi mara mbili, kompyuta inaisawazisha picha, inatoka nzuri, laini kuliko hata ile ya kiwango sahihi. Hakuna anayelalamika. Daktari anasifu. Mgonjwa amebeba mzigo maradufu na anashukuru anapotoka. Taratibu, mwezi hadi mwezi, mkono unapanda, maana hakuna aliyewahi kugombezwa kwa picha iliyotoka laini.

Ndiyo maana siku hizi mkaguzi hukaa mbele ya kompyuta. Anafungua picha 10 za kifua, anasoma ile namba inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye kibao kinachopokea picha, anauliza: mtu mzima wa kawaida kwako ni ngapi? Nani aliipanga? Iliangaliwa lini mara ya mwisho?

Ninyi wenye siti skani, hili linawahusu zaidi. Mwaka 2009 hospitali ya Cedars-Sinai kule Los Angeles, hospitali kubwa na yenye jina, iligundua kwamba wagonjwa 206 waliochunguzwa mzunguko wa damu kwenye ubongo wamepigwa mionzi takriban mara nane ya iliyokusudiwa. Ilikuwa imeendelea kwa miezi 18. Waligunduaje? Mgonjwa mmoja alilalamika kwamba nywele zinamtoka. Mashine haikuwa mbovu. Mpangilio ulibadilishwa, ukahifadhiwa, na kila mgonjwa aliyefuata akapigwa kwa mpangilio ule ule. Ndugu zangu, namba ya kiwango cha mionzi huonekana kwenye skrini ya siti skani. Miezi 18! Ikiwa wao, wenye wanafizikia na mainjinia, ilipita machoni pao, kwetu sisi itapitaje?

Kwa hiyo nawaomba hili moja. Andikeni viwango vyenu kwenye karatasi moja, mtu mzima na mtoto kwa makundi ya uzito, kichwa, kifua, tumbo. Ibandikwe ukutani mbele ya anayebonyeza. Mtoto asipigwe kwa kiwango cha baba yake. Fundi akija kutengeneza mashine, akiondoka, msimpe mkono wa kwaheri mpaka karatasi ile ilinganishwe na iliyomo kwenye mashine, mstari kwa mstari, na mtu aweke sahihi.

Sasa tuangalie watu wetu wenyewe.

Nilipata kufanya kazi mahali ambapo beji za kupimia mionzi zilitundikwa kwenye msumari, ndani ya chumba cha eksirei. Ukiingia asubuhi unaichukua, ukitoka unaitundika. Ilionekana utaratibu mzuri, beji haipotei. Majibu yakarudi, beji ya dada mmoja inasoma juu sana. Dada yule alikuwa na ujauzito wa miezi minne. Tulikaa naye nje chini ya mti, hajui alie au afanye nini, na sisi hatuna cha kumwambia. Beji ilikuwa imepigwa mionzi yeye akiwa nyumbani amelala, maana zamu ya usiku ilifanya kazi mle mle huku beji yake imening'inia ukutani. Je, na yeye alipata mionzi? Kiasi gani? Hakuna aliyeweza kumjibu. Hakuna beji duniani inayorudi nyuma kupima upya. Alijifungua salama, namshukuru Mungu, lakini miezi mitano ile aliibeba na ile hofu.

Mfanyakazi anaruhusiwa wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, yaani kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, zikihesabiwa kwa miaka mitano. Mtoto aliye tumboni mwa mfanyakazi, tangu mama atoe taarifa, asizidishe milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki. Na mboni za macho, ambazo zamani kikomo chake kilikuwa 150 kwa mwaka, sasa ni 20 kwa wastani ule ule. Wanaofanya kazi na mashine za mionzi chumba cha upasuaji, mifupa na mishipa, lipokeeni hili kwa uzito. Miwani ya risasi si pambo. Na ukirudi nyuma kutoka mita moja hadi mita mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Hatua moja tu.

Beji ivaliwe mwilini, ikae nje ya chumba isipovaliwa, ibadilishwe kwa wakati, na majibu yakirudi yasomwe mbele ya mwenye beji. Yasomwe. Nimekuta bahasha za majibu ya miaka miwili hazijafunguliwa.

Aproni nazo. Nimeona aproni za risasi zimekunjwa vizuri na kupangwa kama kanga kwenye sanduku. Kanga ikikunjwa haiharibiki. Risasi inapasuka kwenye mkunjo, na kwa nje kitambaa kinabaki kizuri kabisa. Jumatatu zilazeni mezani mzipige picha. Siku moja nilipiga aproni iliyokuwa inategemewa na watu sita. Ilitoka nyeupe kama inavyotakiwa, ila katikati, usawa wa tumbo, ulipita mstari mweusi mrefu kama kiganja changu, na mwingine mfupi chini yake. Watu sita walikuwa wanaivaa kila siku. Nunueni vyuma vya kuzitundikia, au mwambieni fundi wa kuchomelea awatengenezee.

Mafaili nitayapita haraka, maana mnayajua. Leseni ya chanzo cha mionzi na tarehe yake ya kuisha. Usajili wa kila mpiga picha kwenye baraza la taaluma yake, usio wa mwaka juzi. Vipimo vya ubora wa mashine na taarifa za matengenezo. Jina la mtu mmoja anayesimamia usalama wa mionzi, tena mtu aliye hai na aliyepo kituoni, maana nimekuta jina la mtu aliyehama mkoa. Vituo vilivyoanza na SafeCare, viwango vya ubora wa vituo vya afya, vyenye ngazi zake tano, vina nafuu hapa, kwa kuwa vimeshazoea kuulizwa ushahidi. Wenye altrasaundi peke yake msijione mko nje. Haina mionzi hiyo, ni kweli, lakini proba, kile kifaa kinachopitishwa mwilini, isiposafishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa ina maswali yake, na majibu ya mimba yanayotolewa na mtu asiyefunzwa yana maswali makubwa zaidi.

Fomu ya kuomba picha, hiyo sitaipita haraka. Fomu yenye neno KIFUA peke yake irudishwe. Najua mtaniambia daktari atakasirika, najua mtasema mgonjwa atakwenda kituo cha jirani. Mimi nilikaa na madaktari wa kituo kimoja tukakubaliana: sababu kwa maneno matano tu. “Kikohozi wiki tatu, homa usiku.” Wiki ya kwanza kulikuwa na maneno, ya pili yakapungua. Baada ya muda wakaona jambo ambalo hata mimi sikulitegemea: baadhi ya fomu hazikuandikwa kabisa. Daktari akishika kalamu atafute sababu ya picha ya fuvu kwa mtoto aliyegongwa kidogo na anacheza, anakosa, anaiweka kalamu chini. Mtoto anatazamwa, anakwenda nyumbani bila mionzi.

Wamiliki, nasema nanyi sasa. Nawaelewa. Mmekopa kununua mashine, riba inatembea usiku na mchana, na mimi nakuja kuwaambia mrudishe fomu. Lakini picha mnazozirudia hakuna anayewalipa. Umeme ni wenu, tyubu inayotoa mionzi ni yenu na inachakaa kwa kila mbonyezo, muda wa mpiga picha ni wenu. Kile kituo cha zamu ya usiku kilipopunguza kurudia, foleni ya jioni ilifupika bila kuongeza mtu. Msimwachie mpiga picha daftari kama adhabu. Mkilitumia kumkata mshahara, litakuwa safi kuanzia siku hiyo, na hamtajua tena lolote. Mwambieni hivi: andika kosa lako, hakuna atakayekugusa. Kisha mtimize ahadi hiyo siku ya kwanza kosa kubwa litakapoandikwa, maana wenzake wote watakuwa wanatazama.

Mkaguzi akija, msimfiche daftari lenye makosa. Kuna vituo huandika upya madaftari usiku wa kuamkia ukaguzi, wino mmoja, mwandiko mmoja, miezi sita. Mkaguzi yeyote aliyekaa kwenye kazi anauona wino ule kabla hajavuta kiti. Mpe lile lenye chai iliyomwagika, lenye miandiko minne, lililoandikwa Machi tulirudia watoto wengi, Aprili tulimruhusu mama aingie, Mei walipungua. Atalisoma hilo.

Muda wangu umeisha, mwenyekiti ameshanitazama mara mbili. Daftari langu la kwanza nimekuja nalo. Liko kwenye meza ile karibu na mlango, lenye jalada la kijani. Ukurasa wa tatu una safu zote nilizozitaja. Anayetaka apite aupige picha kwa simu, majina ya wagonjwa nimeyafunika kwa karatasi. Na wale watatu walionyoosha mikono, tafadhali simameni pale mezani wakati wa chai, msiondoke.